Kanizimia maiki nikiwa katikati ya mto Delaware!

Wakuu, sijalala. Yule bwana wa mijadala ya historia, simtaji, mnamjua, sauti yake inajulikana hadi mochwari. Jana usiku mbele ya kadamnasi mtandaoni anatamka eti Jenerali George Washington, kwenye vita vya Wamarekani kudai uhuru kwa Mwingereza, pale mjini Trenton "aliwavizia walevi wa Krismasi, basi". Nikaomba nafasi. Nikaanza: usiku wa tarehe 25 Desemba 1776, watu kama 2,400, mto Delaware umejaa mabonge ya barafu, mabaharia wa mji wa Marblehead chini ya John Glover wanavusha... AKANIZIMIA MAIKI! Watu wako mtoni, mizinga 18 haijamaliza kuvuka, mtu anazima maiki!

Walevi gani? Wale askari wa Kijerumani waliokodiwa na Mwingereza, chini ya Kanali Rall, walikuwa hoi kwa kukesha, kila mara wanashtuliwa na wanamgambo wa New Jersey. Na Washington alishapoteza New York, kakimbizwa New Jersey nzima, muda wa askari wake wengi unaisha tarehe 31. Wapo waliotembea na matambara miguuni. Baridi ikaua wawili njiani. Asubuhi wakateka karibu 900! Bila asubuhi ile mapinduzi yalikuwa yanakata roho. Hayo yote nilikuwa nayaendea, akazima. Hata "muda umeisha, kaka" hakusema. Kazima, halafu kacheka!

#2 Pole mkuu. Ila nilikuwepo, barafu peke yake uliieleza hadi nikafuata sweta.

#3 Mimi kinachoniuma, yule jamaa hajawahi kuyataja mapigano yaliyofuata ya Princeton. Tarehe 3 Januari 1777! Jenerali Cornwallis wa Waingereza anakodolea macho mioto ya kambi ng'ambo ya kijito cha Assunpink, kumbe Washington kazunguka usiku kucha na asubuhi anapiga kule nyuma. Huo si ulevi, hiyo ni akili.

#4 Na wanajeshi weusi waliokuwa kwenye kikosi cha Glover mbona hamuwataji, hata mleta uzi? Uhuru wa nani huo, jenerali mwenyewe ana watumwa shambani?

#5 (mleta uzi) Mkuu #4 huko ndiko nilikokuwa naelekea, MAIKI IKAZIMWA!

#6 Wewe maiki tu. Mimi alinitoa kundini kwa kumuuliza katoa wapi habari za pombe.

#7 Afadhali nyie mlisikia. Mimi bando liliisha Rall hajapanda hata farasi. GB nzima! Hii mitandao ya simu inatuibia mchana kweupe.

#8 Mchana? Mimi nilinunua la usiku, likaisha kabla sijafungua hata video moja.

#9 Mkuu #8 ni mtandao upi huo? Wangu wananikata hela ya miito ya simu ambayo sijaiomba, nikipiga huduma kwa wateja naambiwa bonyeza tisa.

#8 Bonyeza tisa inakurudisha mwanzo.

#7 Ndiyo hiyo hiyo!