Kuongeza awamu ya kutia saini katikati ya mzunguko wa Maven

MjenziWaKizingo aliuliza:

Assalaam aleikum, wanajukwaa. Hapa Mombasa tunatunza mfumo wa nyaraka unaotumiwa na mawakala wa forodha wanaotoa mizigo katika bandari ya Kilindini, nao umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven 3, programu ya kujenga miradi ya Java. Kila toleo linapokamilika, faili la JAR (kifurushi cha programu ya Java) linapaswa kutiwa saini ya kidijitali, kisha kuendeshwa kwenye seva ya majaribio ili tuhakikishe kwamba hati za mizigo zinasomeka, ndipo liwekwe kwenye hifadhi. Kwa sasa kazi hizo zinafanywa na skripti iliyo nje ya Maven, na mtu asipoiendesha hupatikana faili lisilo na saini bila yeyote kutambua. Ningependa kuongeza awamu yangu mwenyewe, yaani hatua katika mzunguko wa ujenzi, niiite `saini`, ikae baina ya `package` na `install`, ili atakayetoa amri ya `mvn install` asiweze kuiruka. Je, `pom.xml`, faili la maelekezo ya mradi, inaruhusu jambo hilo, au ni lazima niandike mzunguko mpya?

BintiTudor alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu. `pom.xml` haiwezi kuunda awamu mpya. Uwezo wake ni kuambatisha malengo (kazi moja moja) ya programu-jalizi kwenye awamu zilizopo. Lakini kabla ya kusikitika, zihesabu awamu zenyewe. Mzunguko wa `default` una awamu 23, na katika mradi wa kawaida wa JAR ni 8 tu zilizopewa kazi tangu mwanzo. Zilizosalia zipo tupu, zikikusubiri. Hapo hapo unapotaka kuingiza `saini`, baina ya `package` na `install`, tayari kuna nne: `pre-integration-test`, `integration-test`, `post-integration-test` na `verify`.

Kwa hiyo tumia `maven-jarsigner-plugin` na utangaze utekelezaji wa lengo lake la `sign`. Lengo hilo hujiambatisha lenyewe kwenye `package`, na kwa kuwa lile linalotengeneza JAR linatokana na aina ya mradi, hutangulia, kisha saini hufuata. Washa seva katika `pre-integration-test`, izime katika `post-integration-test`, na majaribio uyaachie Failsafe, programu-jalizi ya majaribio ya mfumo mzima. Nywila ya ufunguo isiandikwe ndani ya `pom.xml`, maana faili hilo husomwa na kila mwenye msimbo. Mahali pake ni faili la mipangilio, `settings.xml`, la mashine inayojenga.

FundiWaMakupa alijibu:

Naafikiana na dada hapo juu kwa mradi mmoja, ila si kweli kwamba mlango umefungwa kabisa. Ukiandika kiendelezi (nyongeza ya Maven yenyewe) chenye faili la `META-INF/plexus/components.xml`, unaweza kutangaza aina yako ya mradi na kueleza ni malengo yapi yaendeshwe katika kila awamu, kisha mradi unaoitumia ukaandika jina hilo kwenye `<packaging>` na `<extensions>true</extensions>` kwenye programu-jalizi. Ndivyo ilivyo kwa aina ya `bundle` inayoletwa na `maven-bundle-plugin` ya Apache Felix. Mkiwa na miradi mingi inayofuata taratibu zile zile, mpango huo huondoa marudio mengi. Hata hivyo, kumbuka kutangaza pia jinsi faili la aina hiyo linavyoshughulikiwa, la sivyo Maven itachukua jina la aina yako kuwa ndicho kiambishi cha faili badala ya `.jar`.

Vilevile unaweza kutangaza mzunguko mpya wenye awamu iitwayo `saini`, lakini huo utakuwa mzunguko wa pembeni unaoitwa kwa jina lake, na `mvn install` haitaupitia, jambo ambalo linavunja kusudi lako lote.

BintiTudor alijibu:

Bwana Fundi, kwa saini moja huo ni mzigo mkubwa mno. Kiendelezi nacho kinahitaji kutolewa matoleo na kutunzwa, na mgeni atakayekuja kesho atashindwa kuelewa kazi hizo zinatoka wapi, kwa sababu hataziona kwenye `pom.xml`.

MjenziWaKizingo:

Nimefuata njia ya dada BintiTudor na saini inafanya kazi. Limebaki tatizo moja: jaribio likishindwa, seva hubaki ikiendelea, na ujenzi unaofuata hukuta mlango wake wa mtandao (port) umeshikwa. Tunaendesha `mvn integration-test`.

FundiWaMakupa alijibu:

Amri hiyo ndiyo chanzo. Maven husimama katika awamu uliyoitaja, kwa hiyo `post-integration-test` haifikiwi kamwe, hata majaribio yakifaulu. Toa amri ya `mvn verify`. Lengo la `integration-test` la Failsafe huandika matokeo bila kuusimamisha ujenzi, seva huzimwa, kisha lengo lake la `verify` huyasoma matokeo na kuuangusha ujenzi panapostahili. Malengo yote mawili yatangazwe. Ukiacha la pili, jaribio lililoshindwa litapita kimya. Majaribio hayo yaishie kwa `IT` kwenye majina yake, kwani yanayoishia kwa `Test` huchukuliwa na Surefire, programu-jalizi ya majaribio ya kawaida, mapema katika awamu ya `test`, kabla ya seva kuwashwa.

Kuhusu kutorukwa, mtu bado anaweza kuandika `-Djarsigner.skip=true` akaipita saini kwa makusudi, kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ufanywe na mashine ya pamoja ya kujenga. Na ukitaka kuona mpangilio kamili, tumia `mvn help:effective-pom`: malengo yaliyo katika awamu moja hufuata utaratibu ulioandikwa humo, na programu-jalizi zilizorithiwa kutoka kwa mradi mzazi hutangulia zile ulizoongeza mwenyewe.