Tupeane uzoefu: mlibadilisha nini katika kula na kuishi kabla ya kutafuta mimba?

Mleta mada:
Ndugu zangu, nafungua mada hii kwa sababu mazungumzo mengi ya uzazi huanza mimba ikiwa imekwisha kuingia, ilhali kwetu kazi kubwa ilikuwa kabla yake. Tulikaa miezi 14 bila kupata ujauzito. Katika muda huo niliacha soda, nikaacha kahawa ya jioni, nikanywa kila nilichoambiwa kinasafisha kizazi, na kwenye mlango wa kabati la jikoni nikabandika orodha ya vyakula nilivyopaswa kula mimi peke yangu. Mume wangu alipita mbele ya karatasi ile kila asubuhi akiwa na sigara mkononi, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Siku tulipomwona daktari, alinisikiliza kwanza, kisha akamgeukia mwenzangu na kumuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku, anakunywa pombe kiasi gani, analala saa ngapi na kama kazi yake inamweka kwenye joto kali. Alitueleza kwamba mbegu ya kiume huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, na ukijumlisha siku za kukomaa unakaribia miezi 3, kwa hiyo mbegu ya leo ni matokeo ya namna mtu alivyoishi miezi kadhaa nyuma. Tuliporudi nyumbani tuliiandika upya karatasi ile, safari hii ikiwa na majina mawili. Mimba iliingia mwezi wa tano baada ya hapo. Sidai kwamba sigara ndiyo iliyotuzuia, maana tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja, lakini najuta kwamba hatukuanza wote wawili. Karibuni, hasa akina baba.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, mimi ni miongoni mwa akina baba uliowaita, na kosa langu lilikuwa baya kuliko sigara. Nilipokuwa nanyanyua vyuma nilichoma sindano za testosteroni ili misuli ijae haraka, nikiamini kwamba homoni ya kiume haiwezi kumdhuru mwanamume. Kipimo kilipofanyika hakikuonyesha mbegu hata moja. Nilifafanuliwa kwamba ubongo ukishaona homoni hiyo imejaa kwenye damu huacha kuziamrisha korodani kufanya kazi, nazo hulala. Niliacha sindano chini ya uangalizi wa daktari, na mbegu zilichukua karibu mwaka mzima kurejea katika kiwango kinachoridhisha. Mwili wangu kwa nje ulikuwa wa kupigiwa picha.

Mchangiaji wa pili:
Mimi hedhi ilikuwa ikija mara tatu au nne kwa mwaka, na niligundulika kuwa na tatizo la homoni linaloambatana na vifuko vidogo kwenye ovari. Nilikuwa na kilo 92. Nilitegemea kuambiwa nipunguze nusu ya mwili wangu, lakini daktari alisema kwamba kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kutosha kuyarudisha mayai kwenye kupevuka. Niliondoa vinywaji vyenye sukari, nikaongeza kunde na mboga za majani, nikawa natembea dakika 40 kila jioni. Nilipofika kilo 86 hedhi ilianza kuja kila mwezi, nami nikaitazama kalenda kama mtu aliyepata mshahara.

Mchangiaji wa tatu:
Kwangu ilikuwa kinyume kabisa. Nilikimbia kila siku na kula kidogo mno hadi hedhi ikakatika, na tiba yangu ilikuwa kupunguza mbio na kuongeza chakula. Tusimwambie kila mtu apungue.

Mchangiaji wa nne:
Naandika kwa uchungu kidogo. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi na hakuishi. Ndipo nilipofahamu kwamba sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wengi hata hawajajua kama wamechelewa siku zao. Ndiyo maana foliki asidi, yaani aina ya vitamini B, mikrogramu 400 kwa siku, hushauriwa kuanza angalau mwezi mmoja kabla na kuendelea hadi wiki ya 12. Mimi, kwa historia yangu, niliandikiwa dozi kubwa zaidi, na hiyo mtu asijipangie mwenyewe. Niliiweka chupa kando ya mswaki ili nisisahau. Mtoto wa pili ana miaka 3.

Mchangiaji wa tano:
Je, mmewahi kukosea hesabu? Mzunguko wangu ni wa siku 34, nami nilikuwa naisubiri siku ya 14 kwa bidii, kumbe yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yaani kwangu karibu na siku ya 20. Pia naomba ushauri, kwa kuwa mume wangu hataki kabisa kwenda kupimwa.

Mleta mada:
Dada, kuhusu kupimwa, ushauri wa kawaida ni kwenda baada ya miezi 12 ya kujaribu, au miezi 6 ikiwa mwanamke ana miaka 35 na zaidi. Na zile dawa za kusafisha kizazi nilizozitaja juu, naziita kupoteza fedha, kwani kizazi hakihitaji kuoshwa.

Mchangiaji wa sita:
Shemeji huyo anaogopa, kama nilivyoogopa mimi. Mke wangu hakunituma nikapime, bali alisema tutapima siku moja, yeye damu na mimi mbegu. Niliambiwa nijizuie siku 2 hadi 7, na kwa kuwa nilichukulia nyumbani, nilipaswa kukifikisha kikopo maabara ndani ya saa moja bila kukiacha kipoe. Nilikibeba ndani ya shati, nimekibana kwapani kama mtu aliyeiba, huku mke wangu akiendesha gari na kucheka njia nzima. Majibu yetu yote yalikuwa mazuri, bado tunajaribu, na huu ni mwezi wa nane.