Saintpaulia: weupe na mabaka ya majani vimepotelea wapi?

BustaniNjiro: Wakuu, habari za leo. Nimekrosi Saintpaulia (ua la chungu, African violet), yaani nimechavusha moja kwa chavua ya nyingine. Mama ni zambarau, petali safu moja, majani ya kijani. Baba ni nyeupe, maua yaliyojaa (petali safu nyingi), majani yenye mabaka, yaani kingo nyeupe. Nataka nyeupe iliyojaa yenye mabaka. Miche imechanua: yote zambarau, karibu nusu imejaa, hakuna hata jani moja lenye baka. Je, chavua ya ua jingine iliingia?

MicheMoshi: Hapana mkuu, krosi imekubali. Mama ni wa safu moja, kwa hiyo kujaa huko kumetoka kwa baba. Jeni ya kujaa ni tawala (nakala moja inatosha kuonekana), na nusu kwa nusu inaonyesha baba anayo nakala moja tu. Weupe haujapotea, umefichwa: kila mche umebeba nakala moja ya weupe chini ya zambarau.

Mabaka ndiyo uliyoyakosea mwelekeo. Mabaka ya kingo za jani hurithiwa kwa mama pekee, chavua haiyapeleki. Sasa geuza: nyeupe yenye mabaka iwe mama, chavua itoke kwenye mche wa zambarau uliojaa. Watoto wote watarithi mabaka, nusu watakuwa weupe, robo tatu watajaa. Unachotaka ni 3 katika kila 8, kwa wastani. Usiishie kwenye miche 10, kuza angalau 40.

BustaniNjiro: Asante sana. Sasa ua lililojaa litakubali kuwa mama?

ChavuaArusha: Mengine yanakubali. Kagua pistili (kiungo cha kike katikati ya ua), kwenye maua yaliyojaa mara nyingi imekunjamana. Chagua ua lenye pistili nzima. Toa vifuko vya chavua vya mama kabla havijapasuka, kisha subiri siku chache ncha ya pistili iwe na utomvu kidogo. Kata kifuko cha manjano cha baba kwa wembe, kung'utia chavua kwenye ukucha, gusisha. Weka lebo siku hiyo hiyo, mama aandikwe kwanza. Ikikubali, ovari (sehemu ya chini ya pistili) huvimba. Isipokubali, kikonyo hunyauka.

Tumba la mbegu huchukua miezi 4 hadi 6 kukomaa. Lisichumwe likiwa kijani, ngoja likauke kwenye kikonyo. Mbegu ni kama vumbi na zinahitaji mwanga: nyunyiza juu ya mboji laini iliyolowa, usifukie, funika kwa plastiki angavu. Mwagilia kwa chini, tena maji ya mvua, maana ya bomba yanaweza kuwa na chumvi.

MicheMoshi: Nyongeza: joto na naitrojeni nyingi hufanya mabaka yafifie. Januari hadi Machi huku Moshi jani linaweza kuonekana kijani tupu kumbe mabaka yamo. Punguza mbolea, sogeza penye ubaridi, angalia majani mapya ndipo uamue kutupa. Na ukikuta ua lenye mistari kama miali, hilo usilikrosi kabisa. Mbegu haziubebi mchoro ule, wala kipandikizi cha jani. Chukua chipukizi la pembeni.

BustaniNjiro: Ile nyeupe yenye mabaka ina matumba mawili ya maua yanayokaribia kufunguka. Naanza na hayo.