Mishale ya mapambo inauzwa kama mishale ya kupigia: tuhadhari kabla mtu hajaumia

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Yupo muuzaji hapa Unguja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sasa ili apate nafasi ya kutengeneza mambo, anayetangaza mishale iliyochongwa kwa mkono kwa njia za kale na iliyo tayari kwa kulenga shabaha. Kikundi chetu cha upinde wa kale kiliagiza mishale 24, idadi ile ile iliyokuwa ikifungwa mganda mmoja kwa wapigaji upinde wa Uingereza katika zama za kati. Tulilipa fedha zote kabla ya kupokea mzigo. Tulicholetewa ni mapambo ya ukutani, na mmoja wa mishale hiyo ulivunjika pale pale kijana wetu alipouachia, kibanzi kikajikita kwenye kikinga cha ngozi alichovaa mkononi. Lau angekuwa mkono mtupu, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Mshale ule nimeuchukua na kuutazama kwa makini juani. Haukukatika kwa kukingama. Ulichanika kwa mshazari, mpasuko mrefu unaokaribia upana wa kiganja, ukaacha ncha kali kama ya kisu. Sababu yake inaonekana kwa macho, kwani nyuzi za mbao hazikufuata urefu wa wano, yaani kijiti cha mshale, bali zilianzia ubavu mmoja zikatokea ubavu wa pili. Hayo ndiyo matokeo ya kuchukua ubao uliopasuliwa kwa msumeno bila ya kujali nyuzi zake, ukaingizwa kwenye mashine ya kukereza na kutoka kijiti cha duara kinachopendeza machoni. Fundi anayechonga kwa mkono hupasua gogo kwa kuzifuata nyuzi zenyewe, au huenda kutafuta ufito uliokua umenyooka, akaukausha kivulini, kisha akaupasha moto na kuunyoosha mahali penye kombo, kidogo kidogo, mpaka ukubali. Kazi hiyo ni ya muda mrefu, na ndiyo iliyotufanya tukubali bei kubwa.

Wako watakaosema kwamba kijiti ni kijiti tu. Hawajui kinachotokea upote, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa. Mshale hauondoki ukiwa umenyooka. Msukumo wa nyuma hulipinda wano, likayumba upande huu na upande huu linapoupita mwili wa upinde, kisha likajinyoosha hewani. Ndiyo maana ugumu wa wano sharti ulingane na nguvu ya upinde: kwa mpigaji anayevuta kwa mkono wa kulia, wano laini mno hukengeuka kulia, na lililo gumu mno hukengeuka kushoto. Ama lile ambalo nyuzi zake zimekatwa njiani, hilo huvunjika wakati huo huo wa kupinda, na kipande cha nyuma kikaendelea kusukumwa na upote kuelekea mkono ulioshika upinde. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Mishale yenyewe haikuwa na urefu mmoja wala uzito mmoja, jambo ambalo peke yake lingetosha kuirudisha. Lakini kilichonikera zaidi ni manyoya. Kila mshale ulikuwa na manyoya matatu, na juu ya wano moja yalichanganywa manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto. Anayeijua kazi hii, hata kwa kuitazama tu, anafahamu kwamba unyoya wa bawa moja hujikunja kinyume na wa bawa la pili, na kwamba mshale hutakiwa kuzunguka upande mmoja ili utulie angani. Ukiyachanganya, unyoya mmoja unavuta huku na mwenzake kule. Gundi iliyotumika ni ile ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto. Tulipofungua boksi kiwanjani jua la adhuhuri likiwa juu yetu, unyoya uliguswa kwa kidole ukabanduka. Na kile kilichoonekana katika picha za tangazo kuwa ni uzi uliozungushiwa manyoya, nilipokikwaruza kwa ukucha nikakuta ni rangi nyekundu iliyochorwa kwa brashi. Huo si uzembe. Aliyechora uzi alijua kwamba uzi unatakiwa kuwepo pale.

Meli ya kivita ya Mary Rose ilizama kusini mwa Uingereza mwaka 1545, ikaja kuopolewa mwaka 1982, na ndani yake ilikutwa mishale kwa maelfu, mingi ikiwa ya mti wa popla. Alama za uzi wa hariri uliofunga manyoya zimeonekana hadi leo katika mabaki ya gundi, baada ya miaka 437 ya kukaa chini ya bahari. Mkato wa nyuma unaoingia upote ulitiwa kipande cha pembe ili wano lisipasuke. Mishale ya wapiganaji wa kawaida ilitengenezwa kwa uangalifu huo, na sisi tuliolipa bei ya kazi ya mkono tukauziwa mkato uliopigwa msumeno mara moja, bila pembe, bila hata uzi wa kuukaza.

Nilipompigia simu, bwana huyo alinijibu kwamba bidhaa zake ni za utamaduni, hazikukusudiwa kupigiwa, na kwamba wageni wanaonunua hawajawahi kulalamika. Wageni wanaitundika mishale ukutani, watalalamikia nini? Tangazo lake linasema kulenga shabaha. Na hilo neno utamaduni asilifanye pazia. Watu wa pwani hii walikuwa na mishale ya kweli. Majeshi ya Mreno Francisco de Almeida yaliipokea yalipoushambulia mji wa Mombasa mwaka 1505. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanachonga mawano yao hadi sasa, wanayapasha moto na kuyanyoosha kwa meno, na wanapata nyama kwa mishale hiyo. Ujuzi upo, na anayetaka kujifunza ana pa kuanzia.

Ninachodai ni fedha zetu zote, na tangazo libadilishwe liseme wazi kwamba ni mapambo. Nampa mpaka mwisho wa mwezi huu, kisha nitapeleka malalamiko rasmi pamoja na vipande vya mshale.

Walionunua kwake, nawaomba msipige hata mmoja kabla ya kuukagua. Ugeuzeni mshale taratibu kwenye mwanga na kuzifuata nyuzi kutoka nyuma mpaka kwenye chembe, yaani ncha ya mbele. Zikitokea ubavuni, uvunjeni kabisa ili mtoto asije kuuokota na kuupiga. Ule ulionusurika, upindeni kidogo kwa mikono miwili huku mkiuzungusha, karibu na sikio, na ukitoa mlio wowote wa kupasuka, nao uwekeni kando. Picha za mishale yetu nitaziweka hapa chini leo usiku, na aliye na mishale kama hii naye aweke yake, pamoja na mwezi alionunua.