Roboti "inayojirekebisha yenyewe", halafu ardhi nichague mimi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Roboti ya miguu minne tuliyouziwa kwa sifa ya kujirekebisha kwenye ardhi yoyote ina vitufe kwenye rimoti: sakafu, ngazi, nyasi. Nibonyeze mimi! Kujirekebisha kuko wapi hapo?

Tuliivusha kutoka kwenye zege kuingia kokoto zilizolowa. Mguu wa nyuma kushoto ukateleza. Badala ya kufupisha hatua na kuhamishia uzito miguu mingine, mfumo uliendelea kuamini kwamba unyayo umeshika chini, ukasukuma kiwiliwili mbele kwa mguu usiobeba chochote. Ikapiga ubavu chini, mota bado zinanguruma. Tukaiandikia kampuni. Jibu: tuhakikishe tumechagua hali sahihi ya ardhi. Jamani!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia inajulikana. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walionyesha ANYmal, roboti ya miguu minne, ikipita kwenye matope, theluji na vifusi bila kutumia kamera, kwa kuhisi viungo na mwinamo wa mwili wake tu. Mwaka 2021 ikaja RMA (Rapid Motor Adaptation), mbinu ya kurekebisha mwendo haraka, ikajaribiwa kwenye A1, roboti ndogo tu. Humo kuna programu inayotazama viungo vilifanya nini na viliamriwa nini muda mfupi uliopita. Goti likipitiliza pale lilipoagizwa, au likikwama kabla ya kufika, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe ya ardhi. Kutokana nayo inakisia utelezi na mzigo, na mwendo unabadilika ndani ya sehemu ya sekunde. Nayo huanguka, sikatai, lakini haisubiri mtu abonyeze kitufe.

Sasa mtu asije hapa kuniambia vifaa havitoshi. Kila mota ya roboti yetu ina sensa ya pembe, na mkondo wa umeme unapimwa. Wanachokosa ni nia.

Tukasema basi, tuachieni tuandike udhibiti wetu. Wamefunga! Tunaruhusiwa kutuma kasi na mwelekeo, basi. Nguvu ya kiungo kimoja kimoja hatuigusi. Hata rekodi ya sensa za siku ile ilipoanguka wamekataa kutupa, wakati roboti ni mali yetu na tumeilipia yote.

Kama kuna aliyefanikiwa kuibana kampuni yoyote impe rekodi hizo, aeleze hapa alipitia njia gani. Nataka zile sekunde chache za kabla ya anguko, pembe na mkondo wa mota zote, na sitaufunga uzi huu hadi nizipate.