Ganzi ya miguu: nitaendeleaje na shamba la korosho ilhali sisikii ninachokanyaga?

Mwalimu Mstaafu, Mtama (Lindi)

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63, na huu ni mwaka wa 11 tangu nilipogundulika kuwa na kisukari. Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole vya miguu yote miwili, ikapanda polepole hadi kwenye vifundo, na sasa inakaribia nusu ya muundi. Mchana ninajihisi kama mtu aliyevaa soksi nene zisizovulika. Usiku nyayo huwaka kana kwamba zimepakwa pilipili, na hata shuka likizigusa ninashtuka. Linalonitatiza ni kwamba mguu ule ule unaoniamsha usiku kwa maumivu ndio usiosikia mwiba mchana.

Mwezi wa Septemba tulikuwa tukisafisha chini ya mikorosho, tukafagia majani na kuyachoma, kama tufanyavyo kila mwaka kabla korosho hazijaanza kudondoka. Nilikuwa nimevaa ndala, na mojawapo ilikuwa imevuka mguuni bila mimi kujua, nikapita juu ya jivu ambalo ndani yake bado mlikuwa na makaa. Niliendelea na kazi hadi adhuhuri. Niliporudi nyumbani, mjukuu wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini ninaacha alama za majimaji na damu pale barazani. Kidonda kile kilichukua wiki 7 kufunga, na muda wote huo nilikuwa nikienda zahanati kusafishwa na kufungwa bandeji.

Sasa msimu wa kuokota umefika. Mke wangu anataka nisikanyage tena shambani, nami shamba hilo ndilo linalowasomesha wajukuu. Jirani mmoja ananishauri niloweke miguu katika maji ya moto yenye chumvi kila jioni ili damu itembee, na mwingine anataka anipeleke nikachanjwe chale kwa wembe. Naomba ushauri wa mtu anayeifahamu hali hii, hasa kuhusu viatu, na kama ipo dawa ya kurudisha hisia.

Muuguzi, Mtwara mjini

Shikamoo mwalimu, na pole sana kwa yaliyokupata. Nimehudumia wagonjwa wengi wa kisukari, na naomba nianze na maji ya moto, kwa sababu ndiyo yanayoniogopesha kuliko yote uliyoyaandika. Tafadhali usiloweke miguu. Mguu usiohisi joto hauwezi kukuambia kwamba maji yanakuunguza, na ngozi iliyolowekwa kwa muda mrefu hulainika, kisha hukauka na kupasuka, na kwenye nyufa hizo ndipo vijidudu hupita. Maji ya kuogea yapime kwa kiwiko au umwombe mtu mwingine ayaguse kwanza. Wala usiiote miguu kwenye jiko la mkaa msimu wa baridi. Kuhusu kuchanjwa chale, wembe hufungua jeraha jipya mahali ambapo mwili tayari unashindwa kuponya majeraha ya zamani, na hilo ningemkataza baba yangu mzazi.

Sukari inapokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mishipa mirefu kuliko yote, ile inayotoka kiunoni hadi vidoleni, ndiyo huumia kwanza, na ndiyo maana ganzi huanzia chini ikapanda kwa usawa katika miguu yote miwili. Mshipa ulioharibika hushindwa kuleta habari za mwiba ulio nje, lakini wenyewe hupiga kelele pasipo sababu, na kelele hizo ndizo huo moto unaousikia usiku. Kwa hiyo kuwaka na kufa ganzi ni maradhi yale yale. Dawa kama amitriptilini, inayomezwa usiku kwa kipimo kidogo, huweza kupunguza kuwaka ili upate usingizi, ingawa ni daktari anayepaswa kuamua kama inakufaa, hasa ukiwa na tatizo la moyo au la tezi dume. Dawa ya kurejesha hisia iliyokwisha kupotea bado haijapatikana. Kinachowezekana ni kuidhibiti sukari ili ganzi isiendelee kupanda kwa kasi.

Pamoja na hayo, usikubali kila kitu kisukumiwe kisukari kabla hujachunguzwa. Kama umetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, mwombe daktari afikirie upungufu wa vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake nao huleta ganzi inayotibika ikiwahiwa. Pombe huleta ganzi ya namna hiyo hiyo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huweza kuileta, na ndiyo sababu wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Mkoa wako ni miongoni mwa mikoa ambayo ukoma haujaisha, kwa hiyo mtu akiona baka lililopauka na lisilosikia, aende kituo chochote cha serikali, ambako dawa hutolewa bure. Ganzi ya ukoma mara nyingi haiji kama soksi, bali hukamata sehemu hii ikaacha ile. Na ganzi inayokuja ghafla upande mmoja wa mwili ni jambo jingine kabisa, linalotaka hospitali saa hiyo hiyo.

Mwombe mjukuu wako akupime leo. Ufumbe macho, naye akuguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili tu, kwenye ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Asibonyeze wala asikugonge. Ukikosa kuhisi mara 2 au zaidi kati ya hizo 6, mguu umepoteza hisia ya kujilinda. Kliniki watarudia kipimo hicho kwa uzi wa nailoni unaofanana na mshipi wa kuvulia samaki, wakiubonyeza kwenye unyayo hadi upinde.

Mambo mawili yanisameheke kwa kuyasisitiza. La kwanza, mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi na hauna kidonda, acha kuukanyagia na uende hospitali siku hiyo hiyo, maana mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani kimyakimya. La pili ni panya. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini na wasijue hadi asubuhi. Tunasema panya huuma na kupuliza. Mguu wenye ganzi haumhitaji hata apulize. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro kila usiku.

Binti wa Msangamkuu

Mwalimu, shikamoo. Mama yangu alikuwa akienda mwambani kuchokoa pweza kila maji yalipokupwa, peku, tangu usichana wake. Ganzi ilipomkamata hakutuambia, kwa kuwa aliona ni uzee. Alikatwa na chaza chini ya kidole gumba, akaendelea kwenda baharini siku 4 na jeraha lile, na hatimaye kidole kilikatwa hospitalini. Ninayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu tulikuwa tukikaa naye nyumba moja na hakuna aliyewahi kuutazama unyayo wake.

Lililotusaidia baada ya hapo lilikuwa udhu. Kwa vyovyote anaosha miguu mara tano kwa siku na kupitisha kidole katikati ya vidole, basi tulikubaliana kwamba udhu wa alasiri, wakati mwanga bado ni mzuri, ndio wa ukaguzi. Anakaa kwenye kibao, anaweka kioo kidogo sakafuni na kuangalia unyayo, halafu mimi au mdogo wangu tunatazama baada yake, kwani macho yake nayo yamepungua. Katikati ya vidole tunakausha kwa kitambaa, maana unyevu ukikaa pale huleta fangasi. Mafuta ya nazi anapaka kisiginoni na juu ya mguu, lakini si baina ya vidole. Adhuhuri sakafu ya saruji nje ya msikiti huwa ya moto sana, kwa hiyo viatu vyake anavivulia mlangoni kabisa. Tangu tuanze utaratibu huu ni mwaka wa tatu, na hajapata kidonda kingine.

Fundi Viatu, Masasi

Mwalimu, mimi si mtu wa tiba, lakini miguu yenye ganzi ninaletewa mara kwa mara. Ndala na kandambili achana nazo, kwa sababu hushikwa kwa vidole, na vidole visivyosikia haviwezi kujua kiatu kimetoka. Wewe mwenyewe umeshuhudia. Katambuga za tairi ni nzuri kwa mbigili na kwa visiki, lakini nyingi hupigwa misumari, na msumari huo soli ikichakaa huchungulia juu ukamtoboa mtu bila yeye kujua. Mwambie fundi wako azishone na kuzigundisha, asipige hata msumari mmoja, aweke sponji laini juu ya tairi, na aweke mkanda wa nyuma ya kisigino. Kwa shamba ni bora zaidi kiatu kinachofunika vidole, kipana mbele, pamoja na soksi za pamba zisizo na mshono mgumu.

Kipimo kichukuliwe jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Simama juu ya karatasi, mtu auchore mguu kwa kalamu, kisha kiatu kiwekwe juu ya mchoro, na kama mchoro unatokeza pembeni, kiatu hicho kikatae hata kama wewe unahisi kinakutosha. Kiatu kipya kivae saa moja tu siku ya kwanza, uvue, utazame wekundu. Na kabla ya kuvaa kiatu chochote, kigeuze ukikung'ute na uingize mkono ndani. Niliwahi kukuta mbegu ya korosho ndani ya kiatu cha mteja aliyekuwa amekivaa tangu asubuhi.

Mwalimu Mstaafu, Mtama (Lindi)

Marahaba wanangu, na ahsanteni sana. Mjukuu amenipima jana jioni, nami sikuhisi mara 4 kati ya zile 6, nikamwona mke wangu ameinamisha kichwa. Nimeshaachana na maji ya moto na chale, na wiki ijayo nitakwenda kliniki nikiwa na swali la vitamini B12, kwa kuwa metformini ninaimeza tangu mwaka wa kwanza. Shambani tumekubaliana kwamba nitakuwa ninasimamia na kupima mizigo nikiwa nimevaa viatu vya kufunika, na kuchoma majani nimewaachia vijana.

Fundi, michoro ya miguu yote miwili ipo tayari, na wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa karibu upana wa kidole. Je, utanishonea kila kiatu kwa kipimo chake?