Kelele za barabarani ndani ya gari: butili, lami ya paa au sponji?

Mtu_wa_Mawe
Mwangaluka wakuu. Gari langu likishika lami linavuma ndani kiasi kwamba wife akipigiwa simu inabidi nipunguze mwendo asikie. Nataka nizibe mwenyewe nyumbani Buzuruga, maana fundi niliyemuuliza kataja bei ya kufukuza wateja. Kuna zile shiti za butili, raba laini inayonata, zenye foili ya alumini juu. Kuna lami ya kubandika ya wajenzi, ile ya kuzibia paa linalovuja, hiyo ni rahisi zaidi. Halafu jirani ananiambia sponji ya godoro inatosha kabisa. Nina laki tatu na nanunua Jumamosi. Nichukue ipi?

Beringi_Bovu
Mkuu umetaja bajeti ukaficha mgonjwa. Gari gani? Tairi za mwaka gani? Kelele inatoka mbele au nyuma, na inaanza spidi ngapi?

Mama Noah
Naweka kiti hapa nisome. Na mimi linanisumbua hilo hilo.

Kapeti_Chini
Butili, usijiulize mara mbili. Gonga bati la mlango kwa kiungo cha kidole, linalia "ngwaa". Bandika kipande katikati, gonga tena, linajibu "tap" na kunyamaza. Kazi yake ndiyo hiyo, kuzuia bati lisitetemeke. Wala huhitaji kufunika kila inchi, robo mpaka nusu ya bati inatosha, hela itakayobaki weka kwenye matao ya tairi za nyuma na sakafu ya buti. Bati lisafishwe kwa spiriti kwanza, grisi ikibaki haishiki. Halafu unasukuma kwa rola ndogo mpaka vile vidoti vya kwenye foili vilale kabisa. Vaa glovu, kingo za ile foili zinachana vidole vibaya mno.

Lami_Tupu
Butili ni kulipia jina. Lami ya paa nimeweka sakafuni na kwenye buti, mwaka wa pili huu, haijasogea. Tofauti ya bei nimenunulia betri.

Sato_Mkavu
Ngoja niwasimulie kuhusu godoro na hiyo lami, mtaamua wenyewe.

Gari langu nililinunua kwa mtu hapa hapa mjini, simtaji, tunasali kanisa moja. Ndani palikuwa kimya, kapeti linabonyea ukikanyaga, nikajiona nimepata gari la waziri. Masika yakaingia. Kila asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani, hata siku ambayo haikunyesha. Harufu ndiyo usiseme. Nikabadilisha filta ya kiyoyozi, nikaning'iniza manukato mpaka abiria wakawa wanapiga chafya. Wapi!

Siku moja mtoto kamwaga juisi, nikainua kona ya kapeti nipanguse. Chini nakuta vipande vya godoro la njano, vimekatwa kwa kisu, vimejipanga mpaka chini ya dashibodi. Nikakamua kimoja, maji yakajaa kiganjani. Kumbe bomba la kutoa maji ya kiyoyozi lilikuwa limeziba, maji yanarudi ndani, na godoro linayanywa yote bila mtu kujua. Upande wa abiria bati lilikuwa limeliwa. Niligusa kwa bisibisi ikapita, nikaona ardhi ya Nyakato.

Mlangoni alikuwa kabandika lami ya paa. Gari likishinda juani lami inalainika, inateremka pole pole mpaka chini, ikaenda kuziba yale matundu ya kutolea maji ya mvua. Ukifungua mlango unasikia maji yanacheza ndani. Kuikwangua ilikuwa kazi ya kisu na mafuta ya taa, mikono yangu ikawa ya mchoma mkaa. Sakafu ilikatwa na kuchomelewa upya. Na nikikutana na yule bwana ibadani ananiuliza, "Vipi, gari halikusumbui?"

Lami_Tupu
Pole kaka, lakini hapo kosa ni godoro na kubandika mlangoni. Mimi nimesema sakafuni. Sakafu haipigwi jua.

Kapeti_Chini
Chini ya sakafu inapita ekzosi, au gari lako halina ekzosi? Hiyo lami ya paa ni bitumini, ikipata joto inalainika na inanuka. Harufu yenyewe umeshaizoea, muulize anayepanda mara ya kwanza.

Lami_Tupu
Aliyepanda mara ya kwanza ni mama mkwe na hakusema kitu.

Sato_Mkavu
Mama mkwe gani atakwambia gari lako linanuka?

Mtu_wa_Mawe
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni IST ile ya mwanzo. Inaanza kuvuma kuanzia sabini kwenda juu. Inatoka kila mahali. Tairi nilinunua nazo.

Beringi_Bovu
"Nilinunua nazo" si mwaka. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, mwisho wake tarakimu nne. Ikiwa 1219 maana yake imetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2019. Kasome zote nne, mara nyingi hazifanani. Kisha pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, mbele na nyuma. Ukihisi yamepanda na kushuka, hiyo tairi itavuma hata ukijaza butili mpaka darini.

Halafu toka nayo barabarani, zima redio na feni. Kelele ikibadilika ukitoka lami laini kuingia lami ya kokoto, ni tairi. Isipobadilika, inapanda na spidi tu, shuku beringi. Sehemu salama yumbisha usukani kidogo. Ukipinda kulia uzito unaegemea kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo inalia. Beringi haizibwi kwa shiti, inabadilishwa.

Mzee wa Busisi
Vijana, IST haikuumbwa iwe kimya. Bati jepesi, gari la kama tani moja. Kila shiti unayoweka ni uzito, butili ya milimita mbili ni kama kilo tatu na zaidi kwa mita ya mraba. Jaza gari zima uone kama hujabeba abiria wa kudumu asiyelipa nauli. Mimi napita daraja letu la Kigongo–Busisi karibu kila siku tangu lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Pale nafungua vioo vyote nasikiliza upepo. Zamani tulipanga foleni ya kivuko, hakuna aliyelalamika kelele ya gari.

Mama Noah
Mzee tulilalamika jua.

Sato_Mkavu
Na samaki wa kukaanga pale foleni walikuwa na bei yao maalumu.

Mzee wa Busisi
Wale ni samaki wa kweli mdogo wangu. Siku hizi unapita mbio, unakula biskuti.

Kapeti_Chini
Turudi kwenye mada. Kama ni lazima sponji, nunua ile isiyonyonya maji, ya kutengenezea ndala au mikeka ya mazoezi. Mwagia maji kipande kimoja, ukikamua kisitoe tone. Hiyo inakaa juu ya butili, haichukui nafasi yake. Ukitaka kuzuia sauti yenyewe isipite, lazima juu yake uweke tabaka zito la vinili, na hapo laki tatu inaisha kabla hujafika viti vya nyuma.

Jambo lingine: ukifungua viti na nguzo utakuta soketi za njano. Hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Toa nyaya za betri kwanza, subiri dakika kadhaa, ndipo uguse. Na matundu ya chini ya mlango yaache wazi.

Mtu_wa_Mawe
Wakuu asanteni. Ila butili nimeshalipia, jamaa alikuwa na ofa inaisha leo. Zipo kwenye buti. Tairi nitaziangalia.

Beringi_Bovu
Sasa ulituuliza nini?

Lami_Tupu
Ilikuwa bei gani kwa pisi?

Mtu_wa_Mawe
Njoo inbox.

Kapeti_Chini
Safi. Anza na buti na matao ya nyuma, ndiyo rahisi kufungua. Ukimaliza hapo endesha kwanza kabla hujagusa milango.

Beringi_Bovu
Aanze na kusoma DOT. Haitaki hata spana.

Mama Noah
Jamani, na sisi wenye milango ya kuslaidi? Wangu unapiga mluzi nikifika themanini, upande wa kushoto tu.

Beringi_Bovu
Mluzi ni upepo mama, hizo ni raba za mlango. Bana karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kugoma, raba imelala. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo, weka alama kwa chaki pale inapotoka kirahisi, halafu tupia picha.